Trampolini Iliyopelekwa Panda

Ilikuwa saa tisa na robo alasiri wakati arap Keter alipokatiza maneno yake mwenyewe na kuinua pua juu. Tulikuwa tumeketi, yeye na mimi, kwenye kituo cha kupimia majani ya chai, ng'ambo ya bonde kutoka nyumbani kwangu. Upande wa msitu wingu lilikuwa limeshuka sana, na chini yake palikuwa na weupe uliokuwa ukitembea juu ya chai. Mtu wa nchi hii haulizi weupe huo ni nini. Ni mvua ya mawe, na ukiiona ikitembea hivyo una muda wa kufunga ndama na kuanua nguo, basi.

Kwangu ng'ambo ile niliviona vitu viwili vilivyonihusu. Kimoja kilikuwa trampolini ya watoto wangu, imesimama wazi kwenye nyasi. Kingine kilikuwa matuta mawili ya miche ya chai ya mke wangu. Nyuma ya nyumba kulikuwa na banda la mabati, na watoto walikuwa wamefundishwa kuisukuma trampolini humo kila wingu linapokuja. Siku ile walikuwa hawajaliona wingu. Nilipiga kelele, sauti yangu haikuvuka hata mto. Arap Keter, ambaye alikuwa nyapara miaka mingi na alizoea kuwaita wachumaji kutoka kilima hadi kilima, aliweka viganja mdomoni akamwita binti yangu wa kwanza.

"Moraa! Moraa we! Trampolini! Peleka panda! Paaanda!"

Na Moraa akasikia.

Kabla sijawaambia Moraa alifanya nini, nyinyi vijana mnaonijia kuuliza mnunue trampolini gani na muitunze vipi, nipeni nafasi niwaeleze ilifikaje kwa mfanyakazi wa kiwanda cha chai. Majibu yenu yamo humo humo njiani.

Kazi yangu ilikuwa katika chumba cha kunyaushia. Majani yakitoka shambani huwa mabichi na magumu, hayawezi kusagwa. Hutandazwa kwanza juu ya nyavu ndefu ili yapoteze maji na kulainika. Mimi nilikuwa fundi wa nyavu hizo. Wavu ukilegea upande mmoja, majani hutelemka huko, yakarundikana na kupata joto, na chai yake huwa na ladha ya magunia. Wavu ukikazwa kupita kiasi hupasuka usiku, majani yote sakafuni. Kwa hiyo kazi ilikuwa kukaza sawasawa, na aliyenifundisha ni arap Keter, ambaye wakati huo alikuwa nyapara wa chumba hicho, kabla hajahamishiwa kwa wachumaji.

Niseme hapa jambo moja kuhusu ulimi wake, maana litahitajika mbele. Arap Keter ni Mkipsigis, na kwake 'b' na 'p' ni ndugu wa mama mmoja, yeyote akitumwa huenda. Hatukumcheka, kwa sababu sisi Wakisii nasi tuna yetu. Mke wangu Kwamboka hana habari na 'l'. Leo kwake ni "reo," na trampolini aliiita "trampurini" mpaka tukazoea. Kiwandani hatukuwahi kupotezana. Akisema "leta kampa," hata angelisema kwa Kiarabu ungeleta kamba, kwa sababu mkono wake ulikuwa unaonyesha mahali ilipokosekana.

Trampolini ya kwanza niliyoigusa ilikuwa bustanini kwa meneja mmoja Mzungu. Ilikuwa imelegea, na mke wake aliuliza kiwandani ni nani anayejua kukaza kitambaa. Nikatumwa na kopo la grisi na koleo. Watoto wake watatu walikaa barazani na biskuti kunitazama.

Nilifanya kwa utaratibu, au ndivyo nilivyodhani. Niliondoa springi zote, nikazisafisha moja moja, kisha nikaanza kuzirudisha kutoka pembe moja nikizunguka. Upande wa kwanza, sawa. Wa pili, sawa. Wa tatu nikatoka jasho. Nilipofika wa nne, kitambaa kilikuwa kimevutwa chote kule kwingine, na springi za mwisho hazikufika hata nilipoweka mguu kwenye fremu na kuvuta kama mtu anayetoa ndama tumboni. Mtoto mdogo wa meneja aliniletea biskuti. Nadhani alinihurumia.

Nikaenda kumwita arap Keter. Alikuja polepole, akatazama, akacheka mpaka akashika kiuno.

"Wewe Nyakundi, ukifunga ng'ompe kampa upande moja tu, yeye anaenda wapi?"

"Anaenda upande huo, Mzee."

"Sasa kwa nini unalia na kitampaa? Funga hapa, kisha ng'ampo. Hapa, kisha ng'ampo. Msalapa."

Huo ndio msingi wa kwanza, na sijapata mwingine ulioushinda. Springi hazifungwi kwa kuzunguka. Funga moja katikati ya upande huu, kisha moja inayoitazama ng'ambo. Nenda kwenye pande zile mbili nyingine ufanye vivyo hivyo. Halafu rudi ujaze nafasi zilizobaki, kila mara ukivuka ng'ambo. Kitambaa kitajikaza chenyewe, na wewe utabaki na pumzi ya kula biskuti.

Meneja yule alipokuwa anarudi kwao, vitu vyake viliuzwa kwenye nyasi mbele ya nyumba. Kwamboka alinipa pesa na maagizo: kabati la nguo, lile lenye kioo. Nilienda kwa nia njema kabisa. Nilichomeka msumari kwenye mguu wa kabati ukazama kama kwenye ugali. Mchwa. Nikazunguka nyuma ya nyumba, na huko kulikuwa na trampolini mbili, ile niliyoijua na nyingine iliyoletwa na rafiki yao ili iuzwe pamoja.

Sasa sikilizeni vizuri, maana hapa ndipo watu hupoteza pesa. Ya rafiki ilikuwa kubwa, rangi mpya ya buluu, na badala ya springi ilikuwa na mikanda ya mpira. Kila aliyekuja aliishika ile. Mimi nilikunja mpira mmoja kwa vidole viwili nikatazama mgongo wake. Ulikuwa na nyufa ndogo kama kisigino cha mchumaji wakati wa kiangazi. Jua la huku juu hula mpira. Ukikatika mmoja mtoto akiwa hewani, hujui ataangukia wapi. Kisha nikaibeba pembe moja ya fremu na kuiachia. Ilicheza. Miguu mitatu ilikanyaga chini, wa nne ulikuwa unatafuta. Nikakwaruza rangi ile mpya kwenye kiungo na chini yake nikakuta mahali palipochomelewa mara mbili.

Ile ndogo ilikuwa na kutu, lakini kutu ya juu juu, ya kuondolewa na brashi ya waya. Springi zake zilirudi zikivutwa. Fremu ilisimama kwa miguu yote minne. Turubai ilikuwa imeoza, na hilo halikunitisha, kwa sababu kitambaa ndicho kitu ninachokijua. Kwa hiyo msinunue kwa rangi. Rangi huwekwa kwa siku moja. Nunueni fremu na springi. Mengine yote mtatengeneza wenyewe.

Nilipofika nyumbani na mkokoteni, Kwamboka alikuwa mlangoni.

"Baba Moraa, kabati iko wapi?"

"Kabati ilikuwa na mchwa."

"Na hii iko na nini?"

"Springi."

Aliizunguka mara moja. Watoto wetu wanne walikuwa tayari wameipanda na turubai imeanza kulia.

"Sikia," akasema. "Mimi sitagombana na mtu mbere ya watoto. Hii trampurini itakaa mpaka mvua ya kupanda. Nikiuza miche yangu yote vizuri, nitanunua kabati mwenyewe na hii ibaki. Miche ikiharibika, inaenda kwa Okero, na pesa yake inanunua kabati. Umesikia?"

Nilikuwa nimesikia. Okelo alikuwa fundi wa viti pale Litein, mtu wa ziwani, mcheshi, mwenye mikono mizuri. Alikuja Jumapili iliyofuata akakaza kidole gumba juu ya springi moja, akaisikiliza kama daktari.

"Omera," akaniambia, yaani ndugu kwa Kijaluo, "watoto wako wanaruka juu ya sofa tatu. Mimi nitakupa mia moja na ishirini leo hii, na fremu nakuachia uanike mahindi."

"Ngoja mvua ya kupanda," akajibu Kwamboka badala yangu.

"Nangoja, mama. Springi haiozi."

Basi mkae mkijua: tangu siku hiyo uhai wa trampolini yetu ulikuwa umefungwa kwenye miche. Na miche ilikuwa kazi ya Kwamboka peke yake. Alikuwa amekodi kwa arap Keter, jirani yetu, kipande kilichogusana na uwanja wetu, akakata vipandikizi vya chai na kuvichomeka kimoja kimoja kwenye vifuko vya nailoni vilivyojazwa udongo. Vilipangwa kwenye matuta mawili, vikafunikwa kwa nailoni juu ya vijiti vilivyopindwa kufika magotini, na juu yake akaweka majani ya kivuli. Majirani waliokuwa wanaanza kupanda chai walikuwa wamekwisha kumwambia watachukua. Mahali hapo yeye alipaita "panda." Si Kiswahili cha vitabu. Lakini kwetu, "Mama ameenda panda" ilimaanisha yuko kwenye miche, na hata mtoto wa mwisho alijua hivyo.

Nami nilikuwa na kazi yangu. Niliomba kiwandani nyavu za nailoni zilizokwisha kutupwa, nikazikunja mbili mbili na kuzishona kwa sindano ya magunia. Ukingo wote nikaupitishia mshipi wa mashine. Wavu haunywi maji kama turubai, na mtoto akianguka kifudifudi anapumua. Lakini tundu lazima liwe dogo kuliko kidole cha mguu cha mtoto mdogo kuliko wote. Nilipima kwa kidole cha mtoto wetu wa mwisho, akidhani ni mchezo.

Kosa langu lilikuwa kwenye mito. Springi lazima zifunikwe ili mtoto asiingize mguu. Nilichukua magunia, nikayajaza nyuzi za chai zinazobaki kiwandani baada ya kuchekecha. Zilikuwa laini na hazikugharimu kitu. Nilijisifu wiki nzima. Kisha ikanyesha. Asubuhi chini ya trampolini kulikuwa na maji ya rangi ya hudhurungi yanayodondoka, na arap Keter alikuwa amechuchumaa hapo akinusa.

"Nyakundi, leta maziwa," akasema. "Chai iko tayari. Ya miguu, lakini ni chai."

Nikaweka majani makavu ya mahindi. Nawaambia ili msirudie.

Mengine ni ya kawaida, ila watu huyapuuza. Trampolini isiwekwe chini ya mti, hata kama kivuli ni kizuri; mtoto akipaa hukutana na tawi. Isiwekwe karibu na kamba ya nguo wala karibu na jiko la nje. Huku kwetu hakuna mahali tambarare, kwa hiyo chimba upande wa juu, usiinue upande wa chini kwa mawe. Mawe hutembea. Springi zipakwe grisi kidogo na kupanguswa, la sivyo nguo za shule zitaeleza zilikokuwa. Viatu nje, visu vya kupogolea nje, na mtoto mmoja kwa wakati mmoja. Hii ya mwisho ni ngumu kuliko zote. Wakiruka wawili, mkubwa akishuka mdogo hupaa, na si yeye aliyechagua. Moraa ndiye aliyekuwa nyapara wa foleni, na alikuwa mkali kuliko nyapara yeyote niliyewahi kufanya kazi chini yake. Siku moja alimruhusu arap Keter baada ya kumvua gambuti. Mzee aliruka mara mbili, akaketi katikati, na kila alipojaribu kusimama wavu ulimrudisha.

"Ukitaka kushuka, tambaa!" Moraa akamwamuru.

"Mimi nitampaa? Mzee kama mimi?"

Alitambaa.

Nyasi zilizokuwa chini ya trampolini zilikuwa zinakufa, na trampolini ikilala nje hupata kutu. Kwa hiyo nilifunga magurudumu ya wilbaro mbili kuukuu kwenye miguu ya upande mmoja. Ukiinua upande wa pili, inatembea. Mama na watoto wawili waliweza kuisukuma mpaka bandani bila mimi. Hilo nalisifu mpaka leo, na mtaona kwa nini.

Turudi sasa ng'ambo ya bonde. Arap Keter alipomaliza kuita, tulimwona Moraa akisimama, akageuka, akaita ndani ya nyumba. Kwamboka akatoka mbio. Wakainua upande mmoja wa trampolini, ikaanza kutembea. Nikashusha pumzi. Halafu nikaona haielekei nyuma ya nyumba. Ilikuwa inaelekea kwenye miche.

"Wanaenda wapi?" nikauliza.

Arap Keter alikuwa tayari ameshika kikapu kitupu. Mvua ilikuwa imefika.

Tulichukua kila mtu kikapu cha majani tukakivaa kichwani na kuteremka. Mliowahi kupigwa na mvua ya mawe ndani ya kikapu mnajua. Ni kama kukaa ndani ya ngoma. Tulivuka daraja la magogo tukishikana mikono. Hatukuona mbele wala nyuma. Nilichokuwa nawaza, na ninakisema kama kilivyokuwa, ni kwamba chuma kile chote kilikuwa kimesukumwa juu ya vifuko, kwamba magurudumu yangu yamepita katikati ya kazi ya Kwamboka, na kwamba Okelo atakuja na koleo.

Tulipoingia uani Kwamboka na watoto walikuwa mlangoni pa jiko, wametulia, wanatazama. Nami nikatazama.

Trampolini ilikuwa imesimama juu ya tuta moja kama meza juu ya paka. Magurudumu yalikuwa kwenye njia ya kupita, upande huu na upande ule, na tuta lilikuwa salama katikati. Na juu ya wavu mawe yalikuwa yanacheza. Kila jiwe lililoshuka liliruka juu kuliko Moraa alivyowahi kuruka, likajipindua na kutua kwenye nyasi. Machache yalibaki katikati kama mchele kwenye ungo. Mtoto wetu wa mwisho alikuwa anayafokea: "Moja moja! Moja moja!"

Kwenye tuta la pili, ambalo halikuwa na kitu juu yake isipokuwa nailoni na majani ya kivuli, sikutaka kutazama sana. Miche yake ilikuwa kama sukuma wiki iliyokatwa tayari kwa sufuria.

Mvua ilipopungua niliweza kuuliza.

"Moraa, nani alikwambia uiweke hapa?"

"Mzee amesema panda."

"Alisema banda!"

"Hapana, baba. Amesema panda. Mara mbili. Hata Mama alisikia."

"Nirisikia," akasema Kwamboka. "Panda. Nikashangaa mwanamume ameona mbari hivyo."

Sote tukamgeukia arap Keter. Alikuwa bado amevaa kikapu chake. Alikivua polepole, akatoa mawe mawili yaliyokwama ndani, akayatupa.

"Mimi nilisema panda," akasema.

"Ipi, Mzee? Ya mabati au ya miche?"

"Panda! Panda ni panda. Nilisema panda, na wao wameweka panda. Sasa kosa iko wapi?"

Nimemuuliza mara nyingi baada ya hapo, hata tukiwa wawili tu. Jibu halijabadilika, na tangu siku hiyo halikusindikizwa na tabasamu lolote. Mimi nimeacha kuuliza. Labda alikuwa na maana ya banda na labda alikuwa na maana ya miche. Nijuavyo ni kwamba mimi mwenyewe, fundi wa nyavu, niliyetumia miaka kutandaza majani juu na wavu chini, wazo la kuweka wavu juu na majani chini halikunijia. Lilipatikana katikati ya midomo miwili.

Jumamosi Okelo alifika. Habari za mvua zilikuwa zimemfikia Litein, na alikuja na koleo mfukoni na gunia la kubebea springi.

"Mama Moraa, pole sana. Nimesikia mvua imefanya kazi mbaya."

"Imefanya. Kuja uone."

Alimpeleka panda. Alimwonyesha kwanza tuta lililokufa, na Okelo akatikisa kichwa kwa heshima, huku mkono wake ukitafuta koleo. Kisha akafunua nailoni ya tuta lile jingine. Miche ilikuwa imesimama, kila mmoja na jani lake.

"Hii nayo iliponaje?"

"Iriraria chini ya sofa yako."

Okelo alimtazama Kwamboka, akaitazama trampolini, akaelewa. Alicheka mpaka watoto wakaja kuona.

"Basi springi zimekataa kuja kwangu. Mimi nirudi na gunia tupu, omera?"

"Hapana," akasema Kwamboka. "Utarudi na vipimo. Kabati bado nataka. Mbao ya kwako, isiyo na mchwa, na kioo. Miche ikiuzwa nakuripa."

"Na trampolini?" niliuliza mimi, maana mkataba ulikuwa miche yote, si nusu.

Alinitazama kama mtu anayeulizwa kama jua litachomoza.

"Trampurini imefanya kazi kuriko wewe. Inakaa."

Ilikaa. Nilibadilisha wavu mara kadhaa na springi chache, msalaba kwa msalaba, na Moraa aliendelea kusimamia foleni mpaka alipokwenda shule ya bweni na kumwachia mdogo wake cheo. Mvua ya kupanda ilipofika, majirani walikuja na vikapu wakachukua miche yote iliyokuwa hai. Ile iliyokufa ingetupa shilingi mia mbili na arobaini, na hizo zilienda na mawe. Ile iliyolala chini ya trampolini Kwamboka aliiuza mwenyewe, akahesabu pesa juu ya wavu huku watoto wakisubiri zamu yao: shilingi mia mbili na sabini, za kumlipa Okelo kabati lenye kioo.